MBWA ALIYENIPUNGUZIA ALAMA ZA TP

Najua nimepotea, karibu wiki tatu sijaandika kitu hapa. Sababu mnazijua wenyewe: test mbili, seminar moja ya kundi ambalo watu wanne kati ya sita hawaonekani, na bumu ambalo lilikuwa linakuja kesho kila siku. Leo ni Jumamosi, mshikaji ninayekaa naye chumba kaenda kwao Kibaha, umeme upo, chai ya rangi ipo. Nimeona nilipe deni.

Deni lenyewe ni jibu. Kuna swali niliulizwa mwaka jana nikiwa TP na nikajibu vibaya, tena kwa uoga. Sikukosea kwa kutojua, nilikosea kwa kuogopa kuchekwa. Tangu siku ile jibu sahihi linanizunguka kichwani, na kwa kuwa nasomea Historia na Kiingereza, nimeona njia nzuri ni kuliandika kama essay ya historia. Msikimbie jamani! Ni historia ya mbwa wapelelezi kwenye vitabu vya watoto, na wengi wao ni wapumbavu. Nadhani mtacheka kidogo.

Basi bwana. Shule niliyopangiwa ilikuwa ya kata, huko Kanda ya Ziwa, kwenye eneo la wafugaji. Sitaitaja. Nilipewa Form One, mkondo mmoja una watoto sabini na kitu, ambao miezi michache nyuma walikuwa shule ya msingi wanasoma kila kitu kwa Kiswahili. Ghafla karibu kila somo ni Kiingereza. Waliopita njia hiyo wanajua. Unakaa darasani kama mtu aliyepanda basi la kwenda mji asioujua, kondakta anatangaza vituo na wewe husikii hata kimoja.

Stoo ya shule ilikuwa na boksi la vitabu vya msaada kutoka Marekani. Mnajua maboksi yale. Kulikuwa na kitabu cha mapishi ya Krismasi, mwongozo wa kutunza maua ya waridi, kitabu cha kodi cha mwaka ambao mimi sijazaliwa... na chini kabisa vitabu vyembamba vitatu vyenye picha ya mbwa mwenye sura ya mtu anayejiona sana. Mbwa mwenyewe anaitwa Hank the Cowdog. Nikachukua kimoja nikasome usiku, maana jioni kijijini ni ndefu. Nilicheka peke yangu mpaka mwenye nyumba akagonga mlango kuuliza kama niko salama.

Wiki iliyofuata nikaanza kuwasomea darasa ukurasa mmoja mmoja, dakika kumi za mwisho wa kipindi. Nasoma kwa Kiingereza, naeleza kwa Kiswahili, nasoma tena. Ndipo siku moja mtathmini kutoka chuo akatokea bila taarifa, akakaa nyuma. Baada ya kipindi akanyanyua kile kitabu kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota soksi ya mwenzake, akaniuliza: "Mwalimu, hiki kinamsaidia nini mwanafunzi?"

Nikamjibu: "Hakuna kitu mzee, ni cha kujazia muda tu."

Akaandika. Alama zikashuka. Alama nimeshazisahau (uongo, sijazisahau), ila kilichonikaa ni lile neno "hakuna kitu", kwa sababu haikuwa kweli, na kulikuwa na kijana mmoja dawati la nyuma aliyenisikia nikilisema. Huyo nitamrudia.

Haya, sasa nijibu.

Tuanze na babu wa wapelelezi wote, Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle. Mwaka 1892 Doyle alitoa hadithi fupi iitwayo "Silver Blaze", kuhusu farasi wa mashindano aliyeibwa usiku. Zizini kulikuwa na mbwa, na mbwa huyo hakubweka. Holmes akashika hapo hapo: mbwa kanyamaza kwa sababu mwizi anamfahamu. Kesi ikafunguka kwa kelele ambayo haikupigwa. Mtu yeyote aliyekulia nyumba yenye mbwa anaelewa nondo hiyo bila kufafanuliwa. Ila angalieni nafasi ya mbwa hapo: yeye ni ushahidi tu, kama nyayo au kitako cha sigara. Hana mawazo wala jina kubwa, na hakuna kicheko. Mwenye akili ni mmoja, na sisi wengine wote, pamoja na Dokta Watson, kazi yetu ni kushangaa.

Miaka hamsini baadaye mbwa akahamia kwa watoto. Mwaka 1942, katikati ya vita vya pili vya dunia, Mwingereza Enid Blyton alitoa kitabu cha kwanza cha Famous Five: watoto wanne na mbwa, na mbwa, Timmy, anahesabiwa kuwa wa tano. Vikafika vitabu 21, cha mwisho mwaka 1963. Wengine wenu mliosoma shule zenye maktaba ya Kiingereza mnamjua Timmy, mlikutana naye kwenye vile vitabu visivyo na jalada. Ila Timmy si mchekeshaji, Timmy ni mlinzi. Kichekesho kipo kwenye mfululizo wake mwingine, ule wa Five Find-Outers, ulioanza 1943 na kufika vitabu 15 mwaka 1961. Humo kuna polisi wa kijiji, Bwana Goon, mnene, mwenye hasira, anayeamini yeye peke yake ndiye anayejua upelelezi. Na kuna kambwa kafupi ka Kiskoti kanaitwa Buster, ambako kila kakimwona Goon kazi yake ni moja tu: kurukia vifundo vya miguu.

Hapo ndipo kicheko kinaingia kwenye historia yetu. Mtoto anasoma, na mtu mzima mwenye sare, mwenye cheo, anayesema "ondokeni hapa", ndiye mjinga. Buster anafanya kile ambacho mtoto hawezi kumfanyia mkubwa. Kwa mtoto aliyeshinda siku nzima anaambiwa kaa, simama, nyamaza, hiyo si burudani ndogo.

Na wakubwa wakanuna kweli. Blyton mwenyewe alisomea ualimu na kufundisha kabla ya kuwa mwandishi, lakini BBC ilimkatalia kazi zake kuanzia miaka ya 1930 hadi miaka ya 1950, kwa maelezo kuwa maandishi yake hayana uzito. Barua zenyewe ziliwekwa hadharani mwaka 2009. Maktaba kadhaa nazo zikagoma kuweka vitabu vyake. Ukweli usemwe: Blyton ana dosari nzito, na namna anavyowachora watu weusi na watu maskini katika baadhi ya vitabu inaudhi, siwezi kumtetea hapo. Ila si hilo lililowasumbua wakubwa wa wakati ule. Kilichowasumbua ni wepesi. Watoto walikuwa wanasoma bila kuteseka, na kuna watu wanaamini kwamba usipoteseka hujasoma. (Mnawajua. Wengine wanatufundisha asubuhi.)

Hatua inayofuata si kitabu, ni katuni, ila siwezi kuiruka. Tarehe 13 Septemba 1969 televisheni ya CBS ya Marekani ilianza kuonyesha Scooby-Doo. Mbwa ni Great Dane, mbwa mkubwa kama ndama, halafu mwoga kupindukia. Hadi hapo mbwa wa hadithi alikuwa jasiri: Timmy anauma majambazi, Buster anauma polisi. Scooby anajificha nyuma ya rafiki yake, na anakubali kwenda kutafuta mzuka kwa hongo ya biskuti. Mbwa amekuwa mtu wa kuchekwa. Kumbukeni hapo.

Mwaka 1972 Mmarekani mwingine, Marjorie Weinman Sharmat, akatoa kitabu kidogo kinaitwa Nate the Great, michoro ya Marc Simont. Nate ni mtoto anayeongea kama mpelelezi sugu wa sinema za zamani: sentensi fupi, kofia, uso mkavu. Tofauti ni kwamba anapenda chapati za maji kuliko kitu chochote duniani, na kabla ya kutoka kazini anamwachia mama yake ujumbe. Kesi ya kwanza ni picha iliyopotea, picha ambayo rafiki yake Annie alimchora mbwa wake, Fang. Baadaye Nate anapata mbwa wake wa kazi, Sludge. Jina la Nate lilitoka kwa baba wa mwandishi, aliyeitwa Nathan.

Mimi nimesoma kile kitabu na macho ya mwalimu, nikabaki mdomo wazi. Picha ilichorwa kwa rangi ya njano. Mdogo wake Annie anapenda kupaka rangi nyekundu kila kitu. Nyumbani kwao kuna picha moja ya zimwi lenye rangi ya machungwa. Mtoto anayejua kwamba njano na nyekundu zikichanganywa zinatoa rangi ya machungwa anaikamata kesi mwenyewe. Sentensi zenyewe hazizidi maneno manane au kumi. Yaani mtoto ambaye jana alikuwa anababaika kusoma, leo ni mpelelezi. Hiyo ni zawadi kubwa mno kwa kitabu cha senti chache.

Sasa tufike kwa Hank, mbwa wangu wa kesi.

Aliyemwandika ni John R. Erickson, aliyezaliwa 1943 huko Texas na kukulia mji mdogo wa Perryton, kaskazini kabisa mwa jimbo lile, nchi ya upepo, nyasi na ng'ombe. Alisoma Chuo Kikuu cha Texas, akaenda Harvard kusomea dini, akaondoka mwaka 1968 kabla ya kuchukua shahada. (Mama zetu wangelia.) Akarudi kwao. Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 alifanya kazi za ranchi, ukauboi wa kweli wa kuamka alfajiri na kufukuzana na ndama kwenye baridi, huku anaandika. Wachapishaji wa mjini walimkatalia kwa miaka. Barua za "samahani, hatuhitaji" zikajaa.

Mwaka 1981 hadithi ya kwanza ya Hank ilitoka kwenye The Cattleman, gazeti la wafugaji wa ng'ombe wa Texas. Hapo naomba msome mara mbili: gazeti la wafugaji. Si la watoto. Erickson hakuwa anawaandikia watoto kabisa, alikuwa anawaandikia watu wazima wenye matope kwenye buti, watu waliowahi kuwa na mbwa wa namna ile na kumlaani kila siku. Mwaka 1982 alianzisha kampuni yake ya uchapishaji, Maverick Books, kwa pesa ya mkopo. Mwaka 1983 kikatoka kitabu cha kwanza kamili cha Hank, nakala 2,000, zikaisha ndani ya wiki sita. Mkopo wa Erickson ulizaa vitabu. Wa kwangu unazaa chipsi mayai. Tuendelee.

Mchoraji wake, Gerald Holmes (naapa sijatunga jina), alichora mfululizo huo mpaka alipofariki mwaka 2019. Vitabu sasa vimepita 70. Mwaka 1985 CBS ilikifanya kitabu cha kwanza kuwa katuni, na mwaka 2020 Hank aligeuzwa mchezo wa kusikiliza, sauti ya Hank ikitolewa na mwigizaji Matthew McConaughey, naye mtu wa Texas. Si haba kwa mbwa aliyekataliwa na wachapishaji wote.

Lakini Hank ni nani? Hank ndiye Mkuu wa Usalama wa Ranchi. Cheo hicho kajipa mwenyewe. Anasimulia mwenyewe, na kila kitabu anaanza kwa kujitambulisha kama waziri anayefungua mkutano. Msaidizi wake ni Drover, mbwa mdogo ambaye kila hatari ikitokea mguu unaanza kumuuma. Adui yake mkubwa ni Pete, paka wa ghalani, ambaye anamshinda akili kila siku na Hank anaandika kwenye ripoti kwamba ameshinda yeye. Kuna mwenye nyumba, Sally May, ambaye Hank anaamini anampenda sana, na sisi tunaona wazi kwamba mama wa watu angemuuza kesho. Katika kitabu cha kwanza kuku wanauawa usiku, Hank anapeleleza kwa mbwembwe zote, mwisho wa siku lawama za mauaji zinamwangukia yeye. Anaacha kazi kwa hasira, anakwenda kuishi na koyoti, wale mbwamwitu wadogo wa Marekani, anajiita jambazi. Halafu koyoti wanapanga kuvamia ranchi yake ya zamani, na inabidi achague.

Nimefikiri sana kwa nini Hank ni tofauti na mbwa wote waliomtangulia, na ili kueleza inabidi nirudi nyumbani kidogo, kwa Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la 1957/58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapwa 1960, na wengi wanamhesabu kuwa baba wa hadithi za upelelezi za Kiswahili. Bwana Msa ana kiko na utulivu, ni mjukuu wa Sherlock Holmes kabisa. Pembeni yake yupo rafiki, Najum, anayeona yale yale anayoyaona Msa lakini hafiki kule Msa anakofika. Hakuna mbwa hapo, na sishangai, pwani yetu mbwa hakaribishwi sebuleni. Ila Najum yupo, kama Watson alivyokuwepo, na sisi wasomaji tunakaa upande wa Najum: tunasubiri mwenye akili atufafanulie.

Erickson alifanya jambo moja dogo. Alichukua Najum akamfanya ajidhani ni Bwana Msa. Akampa kalamu asimulie yeye. Halafu Bwana Msa mwenyewe akamwondoa kabisa kitabuni, hayupo. Sasa nani atajua ukweli wa kesi? Msomaji! Hakuna mwingine. Hank anasikia ngurumo ya lori anasema ni zimwi la chuma linavamia ranchi, na wewe mtoto wa miaka tisa unajua ni lori. Mbwa ana cheo, ana maneno makubwa, ana uhakika wa kutisha... na amekosea, na wewe umepatia. Debe tupu haliachi kuvuma, na safari hii mtoto ndiye aliyeshika debe.

Ndiyo maana watoto wa Marekani walimnyakua Hank kutoka kwa wafugaji bila ya mwandishi kuwakaribisha. Walimu na wakutubi wakaanza kumwita Erickson shuleni awasomee, naye anasoma kwa sauti za wahusika wote na kuimba nyimbo zao, na amerekodi vitabu vyake hivyo hivyo. Ni hadithi zilizozoea kusikiwa kabla ya kusomwa. Sisi tuliolala kwa hadithi za bibi tunalijua hilo bila kwenda Texas.

Sasa nimrudie kijana wangu wa dawati la nyuma.

Alikuwa mkubwa kuliko wenzake, nadhani alichelewa kuanza shule kwa sababu ya ng'ombe. Kiingereza alikuwa hasomi kabisa. Ukimsimamisha kusoma darasa linaanza kucheka kabla hajafungua mdomo, naye alishajifunza kusimama akiangalia dirishani mpaka mwalimu achoke amwambie akae. Naijua hiyo mbinu. Mimi mwenyewe Form One niliitumia muhula mzima, ila mimi nilikuwa naangalia ubao.

Siku niliyosoma sehemu ambayo Hank anajigamba jinsi anavyowaamrisha ng'ombe, nikasoma Kiingereza, kimya. Kabla sijaeleza kwa Kiswahili, nyuma kule mtu akacheka. Alikuwa yeye, na peke yake. Alikuwa amekamata maneno mawili tu, mbwa na ng'ombe, na picha niliyoinua juu, ikatosha. Nikamuuliza unacheka nini. Akasema, "Mwalimu, huyo mbwa muongo. Ng'ombe ukimjia hivyo kwa mbele anakupiga pembe. Mbwa anayejua kazi anakuja kwa nyuma, pembeni." Halafu akatoka mbele, bila kuitwa, akaonyesha. Yeye akawa mbwa, dawati likawa ng'ombe. Darasa zima likacheka, na kwa mara ya kwanza hawakumcheka yeye. Walimcheka Hank pamoja naye.

Wadau, kile kicheko ndicho kile kile cha mwaka 1981 kwenye gazeti la wafugaji. Mchungaji wa Kanda ya Ziwa alielewa kichekesho cha mchungaji wa Texas kabla yangu mimi mwenye cheti cha Form Six. Mimi nilicheka kwa sababu mbwa anajisifu. Yeye alicheka kwa sababu alijua kosa lenyewe la kitaalamu liko wapi. Pale darasani mwenye desa alikuwa yeye.

Baada ya hapo akawa anakuja kuazima kitabu jumba la walimu. Sitaki kuwadanganya kwamba alipona kama kwenye filamu. Siku zangu zilipokaribia kuisha alikuwa anaweza kunisomea kama ukurasa mmoja na nusu, kwa kidole, maneno mengine anayaruka kama mtu anayeruka madimbwi. Lakini alikuwa anasoma, na alikuwa anabishana na kitabu. Alikuwa na orodha ya makosa ya Hank. Aliniambia anataka kumwandikia.

Na huyo ndiye aliyekuwa anasubiri zamu yake ya kuazima siku mtathmini aliponiuliza kinasaidia nini, nami nikasema hakuna kitu. Aliniangalia. Halafu akaangalia dirishani. Alirudi kuazima baada ya siku nne, namshukuru Mungu, lakini zile siku nne ni zangu, nitazibeba.

Kuna mbwa mmoja wa mwisho inabidi nimtaje. Dav Pilkey, aliyezaliwa Marekani mwaka 1966, alikuwa mtoto asiyetulia darasani, na kusoma kulimtesa. Amesimulia mara nyingi kwamba alitolewa nje sana hivi kwamba aliwekewa dawati lake kwenye korido, na huko koridoni akawa anachora vitabu vya vichekesho. Mwalimu mmoja alimchania kitabu na kumwambia hawezi kuishi maisha yake yote kwa kutengeneza vitabu vya kipuuzi. Mwaka 2016 Pilkey alitoa Dog Man, hadithi ya polisi mwenye kichwa cha mbwa, kiwiliwili cha mtu, anayefukuzana na paka mhalifu. Mhusika huyo alimbuni akiwa bado mtoto. Vitabu vimeuzwa kwa mamilioni, na Januari 2025 ikatoka filamu. Mwalimu yule sijui alijisikiaje. Najua tu kwamba sitaki kuwa yeye, na siku ile nilikuwa karibu sana kuwa yeye, tofauti ni kwamba mimi nilichana kwa mdomo.

Kwa hiyo mzee mtathmini, popote ulipo, jibu langu ni hili. Uliuliza kinamsaidia nini mwanafunzi. Kwa miaka zaidi ya mia, kutoka mbwa aliyenyamaza zizini mpaka mbwa asiyenyamaza kabisa, waandishi wa hadithi hizi wamekuwa wakimsogeza msomaji kutoka kiti cha nyuma kwenda mbele. Kwa Holmes mtoto alishangaa. Kwa Buster alilipiza. Kwa Nate alikisia. Kwa Hank anajua. Mtoto anayeambiwa kila kipindi kwamba hajui, akikaa dakika kumi mahali ambapo yeye ndiye anayejua na mwenye cheo ndiye asiyejua, anarudi kwenye kipindi kinachofuata akiwa mtu mwingine kidogo. Kidogo tu. Ukurasa mmoja na nusu.

Ningesema hivyo alama zingeshuka vile vile, nadhani. Ila yule kijana angesikia.

Haya wadau, chai imepoa, na jirani wa chumba cha pili ameshafungulia muziki. Jumatatu nina test ya saikolojia ya elimu na desa sijaligusa, mniombee nisipate sapu. Mwenye kitabu chochote cha Hank, cha Nate au hata cha Buster kisicho na jalada, anitafute, nitakuja kuchukua mwenyewe. TP ya mwaka huu inakuja na nimeshaamua nitakachobeba kwenye begi.

Tuko pamoja.